Kidonda Kimefunga, Mtu Bado Hajarudi

 

Wasikilizaji wa Salamabila, wa Kabambare na wa Kasongo, hapa kusini mwa Maniema, leo nataka tuzungumze juu ya watu tulio nao karibu kila mtaa, ila hatuwahesabu. Ni watu wazima, baba na mama, na vijana wenye nguvu zao. Mmoja alipigwa kichwa. Mwingine aliangushwa na kiharusi. Mwingine alishikwa na malaria ikapanda ubongoni akapoteza fahamu. Walibebwa mpaka hospitali, wakashonwa, wakatundikiwa maji, wakarudishwa nyumbani, na majirani wakaja kumshukuru Mungu pamoja na jamaa. Halafu mwezi mmoja ukapita, miwili ikapita, na mke akaanza kumwambia shemeji yake kwa sauti ya chini: huyu si mume niliyempeleka hospitali.

Mke huyo anasema kweli, na ndiyo maana nimeketi mbele ya kipaza sauti hiki. Kazi ya hospitali inaisha pale kidonda kinapofunga. Ubongo ulioumia unahitaji watu kwa miaka, na hapa kwetu hakuna watu wengine watakaokuja kufanya kazi hiyo. Ni sisi.

Tuchukue mfano wa mchimbaji wa miaka thelathini na tano. Jiwe limemwangukia kwenye paji la uso. Amepona, anatembea, anakula, anasalimia vizuri, na mgeni anayeketi naye dakika kumi hataona kasoro. Lakini mtume dukani akanunue chumvi na sabuni, atarudi na sabuni peke yake, au atarudi mikono mitupu na hasira. Watu wawili wakisema kwa pamoja, anapotea. Mtoto akiangusha sufuria, anafoka kama aliyetukanwa. Saa sita mchana amelala, na usiku hana usingizi. Asubuhi anakaa ukingoni mwa kitanda mpaka mtu amwambie vaa, nawa, njoo ule. Akipeleka dhahabu yake kwa mnunuzi anashindwa kufuata hesabu ya mizani, anarudi na nusu ya pesa, naye anaona aibu kusema kwamba hakuelewa.

Jamaa wataita hali hii uvivu. Wengine watasema ni dharau, au bangi, au kuna mtu amemfunga. Wachache sana watakumbuka lile jiwe, kwa sababu kidonda kimekwisha kupona.

Ndugu zangu, sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayotusaidia kupanga kazi, kuanza jambo, kuzuia ulimi na kumeza hasira. Ikiumia, mtu hupungukiwa na mambo hayo hayo. Akili yake haijatoka yote, na tabia yake ya zamani haikuwa uongo. Anachoka upesi kwa sababu jambo ambalo ubongo mzima hulifanya bila kufikiri, yeye sasa analifanya kwa kujilazimisha, hatua kwa hatua. Na aliyepatwa na kiharusi upande wa kushoto wa ubongo anaweza kukosa maneno kabisa huku anaelewa kila mnachosema mbele yake. Nasisitiza hili: anaelewa. Yale mnayoyasema juu yake mkidhani hasikii, anayasikia.

Kwa nini watu hawa ni wengi kwetu? Tazameni tunavyoishi. Tuko juu ya dhahabu. Mwaka 2016 kampuni ya Banro ya Kanada ilitangaza kwamba mgodi wake wa Namoya umeanza kuzalisha kibiashara, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi, lakini kabla yake na baada yake mikono ya watoto wa hapa haijaacha kuchimba. Kanuni ya madini ya Kongo inasema mchimbaji wa mikono asishuke zaidi ya mita 30. Mnajua wenyewe mashimo yetu yalivyo, mnajua miti ya kuzuia udongo inavyopungua pale mkuu wa shimo anapohesabu gharama, mnajua ni wangapi wanaoteremka na kofia ngumu kichwani.

Iko hatari nyingine isiyoacha kovu. Motopompi inayonguruma ndani ya shimo hutoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta hulegea, huumwa kichwa, huanguka. Ubongo unatumia karibu sehemu moja ya tano ya oksijeni yote ya mwili, na ukikosa oksijeni kwa dakika chache tu huanza kufa. Mwenzake akimvuta nje akiwa bado hai, watu hushangilia, na wana haki ya kushangilia. Lakini kijana yule anaweza kubaki na kumbukumbu iliyotoboka, na kwa kuwa hakutoka damu hata tone, hakuna atakayesema ameumia. Motopompi ikae nje ya shimo, mdomo wake wa moshi uelekee mbali. Hilo halihitaji fundi kutoka Kinshasa.

Kisha kuna pikipiki, kwenye barabara zetu mnazozijua, abiria wawili au watatu na gunia juu. Utafiti mwingi wa nchi mbalimbali uliokusanywa pamoja na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ya pikipiki hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, na hatari ya kufa kwa asilimia 42. Dereva anayeitundika kofia kwenye usukani aisikie hesabu hiyo.

Na vita. Mapigano ya jeshi na kundi la wapiganaji la Mai-Mai Malaika kuzunguka Salamabila na Namoya, hasa kati ya 2017 na 2020, yalituachia makaburi, na yalituachia pia watu waliopigwa risasi, vitako vya bunduki na marungu kichwani, wakaishi. Tunapohesabu hasara ya miaka ile tunataja waliokufa, waliobakwa, nyumba zilizochomwa. Mama aliyepigwa kichwa siku hiyohiyo aliyobakwa, leo anasahau sufuria motoni na anashindwa kuhesabu chenji ya unga wake, na tunasema ni huzuni. Huzuni ipo. Lakini inawezekana na ubongo wake uliumia, na hakuna aliyemuuliza. Wala tusiende mbali mpaka porini: kuna wanawake wanaopigwa vichwa ukutani ndani ya nyumba zao wenyewe, mara kwa mara. Ubongo unaoumizwa tena kabla haujapona huharibika zaidi. Hayo si mambo ya ndani ya nyumba. Shefu wa mtaa akisikia kelele, ana wajibu.

Sasa nije kwenye uchawi, kwa heshima, maana najua nazungumza na nani. Sitabishana na mtu juu ya imani yake. Shehe asome dua, mchungaji aombe, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi atapata faraja kweli. Ninachokataa ni mambo mawili. La kwanza ni kumfunga mtu kamba au mnyororo, kumnyima chakula ili pepo atoke, kumpiga. La pili ni kumtafuta mwenye kosa: mjomba mzee, mke wa pili, jirani aliyegombana naye juu ya kiwanja. Jiwe tulilishuhudia likianguka, pikipiki tuliiona ikipinduka. Kwa nini tuvunje ukoo mzima kutafuta sababu nyingine?

Na kifafa. Mtu aliyeumia kichwa anaweza kuanza kuanguka kifafa baada ya miezi, hata baada ya miaka. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala kwa mkojo, wala kwa kumgusa. Akianguka, ondoa mawe na moto karibu naye, mlaze ubavu, weka nguo chini ya kichwa, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshikilie kwa nguvu. Ikipita dakika tano bado anatetemeka, mbebeni mumpeleke kwenye kituo cha afya. Kuna dawa, fenobarbitali, ya zamani na ya bei ndogo, iliyomo kwenye orodha ya dawa za lazima duniani. Inamezwa kila siku. Kuikata ghafla kwa sababu mgonjwa amepata nafuu ni hatari. Kifafa kinaweza kurudi kwa ukali zaidi. Jamaa wanaoishiwa na dawa wasinyamaze nyumbani, waende kumwambia muuguzi mapema kabla kopo halijawa tupu.

Mtaniuliza, wataalamu wako wapi? Wako mbali. Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu kinachowasaidia watu wenye ulemavu, na kuna SOSAME ya Mabruda wa Upendo kwa magonjwa ya akili. Goma kuna Shirika la Umoja, nalo la watu wenye ulemavu. Kutoka hapa mpaka huko ni barabara gani, ni siku ngapi, ni franga ngapi, sina haja ya kuwaambia. Shirika la Médecins Sans Frontières lilipofanya kazi hapa, lilihudumia waliobakwa na kuketi na walioumia moyoni, na wengi wenu mnakumbuka faida yake. Mashirika huja, tunayashukuru, na huondoka. Mtu aliyeumia ubongo akiwa na miaka thelathini anaweza kuishi mingine arobaini. Hakuna mradi wa miaka arobaini.

Lakini sisi watu wa kusini mwa Maniema hatuanzi na mikono mitupu. Mwaka 1971, hapo Kasongo, madaktari wa Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, pamoja na wauguzi wa hapa, walianza kazi iliyokuja kujulikana duniani kama Mradi wa Kasongo. Walionyesha kwamba kituo kidogo kilicho karibu na watu, chenye muuguzi anayejua kila familia, kikiwa na hospitali moja nyuma yake ya kukisaidia, kinaweza kubeba sehemu kubwa ya afya ya watu wa vijijini. Dunia ilipokutana Alma-Ata mwaka 1978 kukubaliana juu ya afya ya msingi, Kasongo ilikuwa na uzoefu wa miaka saba tayari. Baadaye nchi yote ikagawanywa katika zoni za afya, ambazo leo ni 519, na yetu hapa ni mojawapo. Mawazo yaliyosaidia kujenga utaratibu huo yalipimwa kwenye udongo wetu, na wazee wetu walikuwamo. Hili linanipa fahari, na linanitia pia uchungu, kwa maana chombo tunacho na kuna watu tumewaacha nje yake.

Angalieni kazi ya reko wetu, mjitoleaji wa afya wa mtaa. Anapita nyumba kwa nyumba, anauliza chandarua, chanjo, mimba, mtoto mwenye kuhara. Kazi njema. Je, nani anauliza: katika nyumba hii kuna mtu mzima aliyebadilika tangu alipoumia kichwa, au tangu kiharusi, au tangu ile malaria? Swali moja. Jibu likiandikwa kwenye daftari na kupelekwa kwa muuguzi wa kituo, na CODESA, kamati ya afya ya eneo letu, ikaliona kwenye mkutano wa mwezi, tutajua ni wangapi, wako mtaa gani, nani anaanguka kifafa bila dawa, nani ana shinikizo la damu na anangojea kiharusi cha pili. Leo hatujui. Na asiyejulikana hasaidiwi hata na mtu mwema.

Baada ya kujua, kazi yenyewe ni ya kawaida mno, na nadhani ndiyo sababu tunaidharau. Mgonjwa huyu anahitaji siku zinazofanana: kuamka saa ileile, kula saa ileile, kazi asubuhi akiwa na nguvu, mapumziko mchana bila kuitwa mvivu. Mwambie jambo moja, lifanyike, ndipo la pili. Chora mkaa ukutani alama za kazi za siku kama hasomi. Akikasirika, usishindane naye. Ondoka kidogo, rudi baadaye, na watoto wafundishwe hivyo. Lutuku na bia aviache kabisa, maana pombe huongeza kifafa na huvunja ule uvumilivu mdogo uliobaki. Asirudi shimoni, wala asipewe pikipiki, wala asipande mnazi au muwese. Anaweza kulima akiwa na mwenzake, kuchota maji, kutunza mbuzi, kusaidia kuosha mchanga mahali pa wazi. Kazi ni sehemu ya dawa. Mtu anayekaa tu nyumbani akitazamwa hufifia, na nguvu alizokuwa ameanza kuzipata humtoka. Nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, lakini haikomi hapo. Hata baada ya miaka mtu hujifunza tena neno, njia ya sokoni, jina la mjukuu.

Penye pesa, awe na shahidi. Nawaomba wanunuzi wa dhahabu walio waaminifu, nanyi mnajijua: mkimwona mtu wa namna hii kaja peke yake na gramu zake, mwiteni ndugu yake kabla ya kupima. Kumpunja mtu asiyeweza kufuata hesabu ni wizi.

Sasa yule anayemtunza. Karibu kila mara ni mwanamke: mke, mama, dada, binti aliyetolewa shuleni. Analala kidogo, anapokea matusi ya mtu asiyeweza kuyazuia, anatafuta chakula cha wote, na bado mashemeji wanamuuliza kwa nini mgonjwa amekonda. Naye mwanamke akiumia ubongo, mume anaweza kumrudisha kwao kama chombo kilichovunjika. Nimesikia hayo yakisemwa kana kwamba ni haki. Si haki katika dini yoyote ninayoijua hapa kwetu. Likelemba zetu, zile ambazo kila juma mnachanga franga na kupokezana, zinaweza kuamua kwamba mama anayemtunza mgonjwa wa namna hii apokee kwanza, au asitozwe faini akichelewa. Vikundi vya kina mama wa msikiti na wa kanisa vinaweza kupokezana kuketi na mgonjwa asubuhi moja kwa juma, ili mwenzao aende shambani au alale tu. Uingereza, nchi yenye hospitali kubwa, familia za watu walioumia ubongo ziliona vilevile kwamba hospitali haitoshi, zikaunda umoja wao mwaka 1979, uitwao Headway, ambao mpaka leo una vikundi mitaani. Kama wao wenye madaktari wengi walihitaji majirani, sisi je?

Upande wa serikali, tusidai hisani, tudai sheria. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 49, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya ulinzi wa pekee. Kuna sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu, na ulemavu unaotokana na ubongo si mdogo kuliko wa mguu kwa sababu hauonekani. Kuna FONAREV, mfuko uliowekwa na sheria ya Desemba 2022 kwa ajili ya wahanga wa ubakaji wa vitani na makosa mengine mazito ya vita. Waliopigwa vichwa katika miaka ya mapigano waandikishwe, wala wasiachwe nje kwa sababu wanashindwa kusimulia habari zao kwa mpango. Ndugu awasaidie kusimulia. Na kanuni ya madini, iliyorekebishwa mwaka 2018, inailazimu kampuni inayochimba kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaoguswa na mgodi. Wajumbe wetu wanapokaa kujadili shule na daraja, waweke na dawa za kifafa, na mafunzo ya wauguzi wawili watatu juu ya watu hawa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya daraja.

Kabla sijaaga, neno kwa mwenye mgonjwa mpya. Mtu akipigwa kichwa leo, hata kama amesimama na kucheka, asiachwe peke yake usiku. Akitapika tena na tena, akizidi kusinzia, akichanganya maneno, akilegea upande mmoja, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au akitetemeka, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Wazee wanaweza kuanza kuumwa kichwa na kusinzia majuma kadhaa baada ya kuanguka. Msiseme ni uzee.

Nawaomba basi, ma-reko wote mnaonisikia, muongeze lile swali moja kwenye matembezi yenu kuanzia juma hili. Viongozi wa CODESA, mliweke jambo hili kwenye mkutano wenu ujao na mumwombe muuguzi wa kituo afungue ukurasa wake kwenye daftari. Wakuu wa mashimo, toeni motopompi nje, na msimtupe kijana aliyeumia akiwa kazini kwenu. Mpeni kazi ya juu ya ardhi na posho yake. Nanyi majirani, mnajua nyumba ninayoizungumzia, kwa kuwa kila mtaa unayo. Nendeni mkapige hodi, mkae na mgonjwa saa mbili, na mke wake aende sokoni.